Glopu za LED zinakufa upesi, na moja inawaka ikiwa imezimwa: tatizo glopu au nyumba?

Mama wa Wete

Assalaam alaykum nyote. Naomba msaada wa mafundi na wenye uzoefu, maana hapa kwetu suala la taa limeshakuwa la kikao cha familia.

Nyumba yetu ipo Wete, ni ya zamani. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliijenga kidogo kidogo, na umeme umepitishwa vivyo hivyo: chumba kikiongezwa, waya unavutwa kutoka chumba cha jirani. Tunakaa familia mbili pamoja na Bi Mkubwa, mama wa mume wangu, na mita ya Tukuza, ile ya kununua uniti kabla, ni moja. Uniti zikikaribia kwisha huanza maneno ya nani kaacha taa, nani kapiga pasi kanzu tatu kwa mpigo.

Shemeji yangu anayeishi Unguja alikuja sikukuu na boksi zima la glopu za LED alizonunua kwa bei ya jumla. Akasema tutoe zote za zamani siku ile ile na tutamshukuru. Tukabadilisha vyumbani, ukumbini na chooni. Uniti zimepungua kidogo, sikatai, lakini si kwa kiasi alichokitangaza yeye, na glopu zenyewe zinakufa. Ya chooni ilianza kupepesa, ikaendelea hivyo, ikazima moja kwa moja. Ya ukumbini, ambayo imo ndani ya lile ganda la kioo la mviringo, ilififia, ikakaa hafifu siku mbili tatu, kisha kimya. Nilipoitoa kitako chake kilikuwa cha moto hata nikaishika kwa ncha ya kanga, na nikiitikisa kuna kitu ndani kinagongagonga.

Sasa ya chumba cha watoto ndiyo iliyonileta hapa. Ukiizima haizimi. Swichi imezimwa, na bado inabaki na kimwanga hafifu cheupe. Huwezi kusomea, lakini kiza kikishakolea unauona uso wa mtoto kitandani. Mwanangu mkubwa kawasimulia wenzake chuoni, na Pemba yetu mnaijua, habari imerudi nyumbani ikiwa na majina ya majini. Mdogo hataki tena kulala chumba kile.

Na Bi Mkubwa mwanga mweupe hautaki kabisa. Anasema chumba chake kimegeuka wodi. Barazani ana glopu yake ya uzi ya wati 60, ile ya zamani ya manjano, inawaka tangu magharibi hadi watu watoke kwenda kusali alfajiri, na haruhusu iguswe.

Naomba kujua: glopu za shemeji ni mbovu, au nyumba yetu ndiyo inayoziua? Hiyo inayowaka yenyewe ina hatari? Na Bi Mkubwa nimwendee vipi?

Fundi Mkongwe, Chake Chake

Waalaykumus-salaam bibi. Mie nimevuta waya kisiwani humu tangu umeme wetu wote ukitoka kwenye majenereta ya Wesha, kabla ya ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, kwa hiyo nyumba ya aina hiyo nadhani naijua bila kuingia ndani. Jibu langu ni yote mawili, glopu na nyumba. Nianze na ya watoto, kwa sababu ndiyo yenye usalama wa mtu.

Si jini. Ni umeme mdogo unaopita hata swichi ikiwa imezimwa. Glopu ya uzi ilikuwa ikipata umeme huo huo miaka yote ila ulikuwa hautoshi kuupasha uzi moto, basi hamkuona kitu. LED haitaki kikubwa ili ionyeshe mwanga. Sababu ninazozikuta ni tatu. Ya kwanza, swichi yenyewe ina kile kijitaa chekundu cha kuonyesha ilipo gizani; kijitaa kile hupitisha umeme kidogo kwenda kwenye glopu. Kitolewe, basi. Ya pili, waya wa kwenda kwenye taa umelala ubavuni mwa waya mwingine wenye moto kwa masafa marefu, nao huambukizwa. Hutokea sana kwenye taa yenye swichi mbili, moja mlangoni na moja kitandani. Ya tatu, na kwa nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba ndiyo ninayoishuku kuliko zote: aliyevuta waya ule alipitisha nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, hakuna anayegundua. Lakini ukiwa umezima, holda, pale glopu inapochomekwa, bado ina moto kamili. Mtoto au mtu mzima akipanda kiti kubadilisha glopu akagusa ndani, anapigwa na volti 230 huku anaamini kazima.

Kwa hiyo mpaka fundi aje, mtu asiiguse glopu ile kabla ya kuzima meni swichi. Na fundi akija, asikutosheleze na testa ya bisibisi peke yake. Testa ile huwaka hata kwa huo umeme wa kuambukizwa, ikamfanya mtu aone kosa pasipo kosa. Mwambie aje na mita, apime pale holdani swichi ikiwa imezimwa. Akikuta nyutro ndiyo inayokatwa, kuigeuza si kazi ya siku nzima.

Sasa vifo. Zile taa ndogo ndogo za njano unazoziona ukiondoa kifuniko cheupe hazili umeme wa ukutani. Wa ukutani ni wa kupishana, mizunguko 50 kwa sekunde. LED inataka umeme wa moja kwa moja, tena uliopimwa. Kazi ya kuugeuza hufanywa na draiva, kijisakiti kilichojificha kwenye kitako. Hapa mezani kwangu nimezifungua nyingi, na mara nyingi vijitaa ni vizima, marehemu ni draiva: kapasita imefura kichwa au imeachia kabisa, na huenda ndiyo hiyo inayogonga ukitikisa. Au utakuta kijitaa kimoja tu kina doa jeusi katikati, dogo kuliko punje ya ufuta. Vimeungwa kwa mstari, kimoja kikikatika vyote vinalala.

Kinachoviua ni joto. Watu wamesikia LED haitoi joto, wakaelewa vibaya. Kioo chake hakichomi, ni kweli, lakini joto lipo nyuma, kwenye kitako, na lazima lipate pa kutokea. Wewe ya ukumbini umeifungia ndani ya ganda la kioo, huku kwetu usiku wenyewe hauna baridi. Draiva inapikika. Ama toa ganda, ama tafuta glopu iliyoandikwa kwenye boksi kuwa inafaa taa iliyofunikwa, ama weka ya wati ndogo zaidi mle ndani.

Ya chooni ningeangalia holda kwanza. Wete mpo na bahari hapo hapo, na mvuke wa maji ya kuoga juu yake. Zima meni, toa glopu, mulika ndani kwa tochi: vile viguso viwili vya shaba vikiwa na ukungu wa kijani, au springi imelegea havirudi juu ukivibonyeza, basi umeme unaruka pale badala ya kupita. Huko ndiko kupepesa. Hapo ungeweka glopu ya bei yoyote ingekufa. Badilisha holda.

Na glopu za shemeji, angalia boksi. Zikiwa zimeandikwa 220–240V tu, hazina uvumilivu mkubwa umeme ukipanda na kushuka. Nzuri kwa huku ni zilizoandikwa kama 85–265V. Tena iwe na lumeni, ndicho kipimo cha mwanga. Glopu ya uzi ya wati 60 ilikuwa ikitoa kama lumeni 700 hadi 800; LED ya wati 9 iliyo sawasawa hutoa kama 800. Ikiwa boksi linapiga kelele za wati na miaka ya kuishi lakini lumeni haitaji, mie siinunui. Zishike mbili mkononi pia. Iliyo nyepesi mno mara nyingi haina ile aluminiamu ya kutolea joto. Na ukiielekezea kamera ya simu ukaona michirizi inatembea kwenye skrini, draiva yake ni ya kubabaisha.

Cherehani Tibirinzi

Mama wa Wete, pole kwa majini. Mimi niongeze la rangi tu, maana ndilo lililonitia hasara ya kitambaa.

Nashona magauni ya harusi hapa Chake. Nilipoweka taa nyeupe za bei poa mezani, nikawa nalinganisha uzi na kitambaa usiku naona sawa, asubuhi nikitoka nje naona uzi umeelekea zambarau na kitambaa ni maruni. Tofauti ya wazi kabisa. Kuna kipimo kingine kwenye boksi, kimeandikwa Ra au CRI, kinaonyesha taa inavyoonyesha rangi karibu na jua. 80 kwenda juu ndiyo ya nyumbani. Kwa kazi yangu nimetafuta ya 90, ni ghali lakini imenituliza.

Kwa Bi Mkubwa soma namba yenye K. 6500K ni ule mweupe wenye ubuluu, naona ndio uliojaa madukani na ndio aliokuleteeni shemeji. 4000K ni wa katikati. 2700K au 3000K ni manjano, karibu sana na glopu yake ya uzi. Usimwambie ni LED. Mwekee tu chumbani, msubiri.

Jirani wa Michenzani

Nyote mmesema vizuri, ila mimi naona mnampeleka dada wa watu kwenye glopu wakati uniti zinaliwa jikoni. Familia mbili mita moja? Lazima kuna friji, na lazima lilikuja la mtumba. Hebu fungia kipande cha karatasi mlangoni mwa friji halafu ukivute. Kikitoka bila kushikiliwa, mpira umekwisha, friji linapoza ukumbi mchana na usiku. Birika la umeme ni wati 2,000 au karibu yake. Pasi wati elfu na kitu. Kuna pampu ya maji? Mtu anahangaika na glopu ya wati 9 huku pampu inasahauliwa mpaka tangi linafurika.

Halafu enaji seva, zile za kujisokota: mlizitoa zikiwa zima? Ndiyo maana hamkuona tofauti kubwa. Ile ilikuwa wati 14 hivi, mmeweka 9. Mmeokoa wati 5.

Fundi Mkongwe, Chake Chake

Jirani kasema kweli na mie hesabu hiyo ndiyo nilitaka kuifanya. Taa ya kubadilisha kwanza ni ile inayowaka saa nyingi ikiwa na wati nyingi, si ile iliyo karibu na ngazi.

Enaji seva ya wati 14 kwa LED ya wati 9, ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa mwezi unaokoa robo tatu ya uniti. Ziacheni mpaka zife zenyewe. Ila zikifa msizipasue, na watoto wasichezee: ndani mna zebaki kidogo. Ikivunjika chumbani fungua madirisha, watu watoke, kisha okota vigae kwa karatasi ngumu, usifagie.

Ya stoo, hata ikiwa ya uzi ya wati 60, mtu anaingia kuchukua mchele anatoka. Nusu saa kwa siku haifiki uniti moja kwa mwezi.

Sasa njoo barazani kwa Bi Mkubwa. Wati 60, saa 12 usiku kucha, siku 30: uniti 21 na nusu. LED ya wati 9 mahali pale pale: uniti 3 na kidogo. Yaani glopu moja aliyoikataza ndiyo inayokula kuliko vyumba vyenu vyote mlivyobadilisha. Boksi zima la shemeji limezunguka nyumba likaikwepa ile iliyokuwa na faida. Ya 2700K pale barazani itamfaa, na una hoja ya kumpelekea: mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye ubuluu, kwa hiyo kumbikumbi wa masika hawatahamia barazani kwake. Kwa kuwa ni nje na upepo wa chumvi, tafuta taa yenye alama ya IP65, yaani iliyozibwa vumbi na maji, au angalau holda yenye kifuniko cha mpira.

Mama wa Wete

Ahsanteni sana, Mungu akulipeni. Nimekwenda na tochi na karatasi.

Friji: karatasi imetoka yenyewe, hata sikuivuta. Nimemwonyesha mume wangu, akaangalia pembeni. Holda ya chooni ina ukungu wa kijani kama alivyosema fundi, na springi moja imekwama chini. Boksi za shemeji zimeandikwa 220–240V, 6500K, lumeni hakuna. Sitamwambia kitu, kaja nazo kwa mapenzi.

Fundi wa mtaani alikuja na mita. Chumba cha watoto nyutro ndiyo iliyokuwa inakatwa na swichi. Kageuza, taa sasa ikizimwa inazima. Na alipoingia chumba kinachofuata, kilichovutiwa waya kutoka hapo, akakuta vile vile, ila kule tulikuwa tumebakisha enaji seva na mimi sijawahi kuona inawaka usiku.

Bi Mkubwa bado. Nimemwekea ya 2700K chumbani kama alivyonishauri Cherehani, akakaa na msahafu wake mpaka isha hakusema neno, halafu akaniuliza ile glopu nzuri nimeitoa wapi. Ya barazani nitampelekea hoja ya kumbikumbi.

Nina mawili ya mwisho. Jikoni na uani kuna tyubu za zamani za futi nne, zinachelewa kuwaka na moja inalia vuuu. Jirani yangu wa hapa mtaani ananiambia nitoe stata tu, kile kidude cha kuiwashia tyubu, nichomeke tyubu ya LED kwenye fremu ile ile. Ni sawa? Na zile glopu za chaji, zinazowaka umeme ukikatika, zina faida?

Jirani wa Michenzani

La glopu za chaji nijibu mimi, kwa sababu Unguja tulikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na tokea hapo sijalala bila taa ya akiba. Wakati ule ilikuwa kandili, mishumaa na jenereta za wenye uwezo. Leo glopu moja ya chaji inatosha kula chakula na kumaliza kazi za skuli. Ndani ina betri ndogo, umeme ukikatika huendelea kwa saa chache kwa mwanga uliopungua. Weka moja ukumbini na moja njia ya chooni. Usiweke nyumba nzima: betri huchoka kabla ya LED, na zina bei.

Ila nakutahadharisha. Glopu ile haijui kama umeme umekatika mtaani au uniti zenu zimekwisha. Kwetu uniti ziliisha, ukumbini taa inawaka, watu wanazungumza, hakuna mwenye habari mpaka samaki wa kwenye friza wakaanza kutoa maji.

Fundi Mkongwe, Chake Chake

Faraja kusikia ya watoto imekwisha. Mwambie fundi apitie vyumba vyote, maana aliyekosea viwili hakuishia hapo.

Kuhusu tyubu, usifuate maneno ya jirani yako wa mtaani kabla hujasoma karatasi iliyomo kwenye boksi. Fremu ya zamani ina choki, kile kizito kinacholia vuuu, na choki chenyewe hula umeme. Tyubu ya wati 36 na choki chake jumla ni kama wati 45. Kuna tyubu za LED zinazokubali choki kibaki, unatoa stata ya zamani na kuweka ile ya bandia inayokuja nayo kwenye boksi. Kuna zinazotaka choki kiondolewe, na hizo nazo ni mbili: zinazopokea moto upande mmoja na nyutro upande huo huo, na zinazopokea moto upande huu na nyutro upande ule. Ukichanganya, kwa bahati nzuri haiwaki; kwa bahati mbaya unapiga shoti.

Mie kwa nyumba yako ningetoa choki kabisa, niweke ya wati 18. Kwa saa 6 kila usiku kila tyubu itakuokolea karibu uniti 5 kwa mwezi, na ule mlio unakwisha. Mwambie fundi aandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya fremu: haina choki, upande wa moto ni huu. Maana siku moja atakuja mtu mwingine na tyubu ya zamani mkononi.

Holda ya chooni nunua ya kaure, si ya plastiki, na uiangalie springi zake pale pale dukani kwa kuzibonyeza kwa kidole. Na mpira wa friji uuzwao kwa mita huwa unapatikana kwa mafundi wa friji, hauhitaji friji jipya. Mweleze mume wako hivyo, labda atageuka akuangalie.